Shimo la Salwa

Jumamosi ile ilikuwa ya kawaida: kufua, kupika, kumsikiliza binamu yangu Salwa, mwalimu wa fizikia, akiisifia darubini yake. Saa kumi na mbili jioni tuliitega uani kwake, Ihumwa. Nusu mwezi ilikuwa utosini. Akabana simu kwenye kioo cha kuchungulia, akapiga kreta moja iliyojaa kivuli. Picha ya maonyesho ya shule.

"Kila shimo huko juu lina jina la mzee wa Ulaya," nikasema. "Hili liwe lako." Nikaandika kwa kidole chini ya picha: Shimo la Salwa.

Mjomba Abdulrahim, mchimba makaburi wa mtaa, alikuja kula. Tukamwonyesha. Akarudisha tonge sahanini.

"Nani kafa?"

"Hiyo kreta, mjomba," Salwa akacheka. "Upana wake kilomita tisini."

"Lina mwanandani." Kidole chake kilifuata kivuli kilichochimba ubavuni, pale tunapolaza maiti. "Na mmeliandika jina la mwenyewe." Akashusha sauti. "Kaburi lenye jina halikai tupu. Tufukie mgomba badala yake, tuuite Salwa. Yaishe."

"Dodoma hii, mgomba tutautoa wapi?" nikamjibu. Nina digrii mbili.

Kadiri jua linavyopanda juu ya kreta, kivuli hupungua. Jumapili kiliongezeka. Jumatatu kilikuwa mstatili, kingo zimenyooka. Salwa alifuta vioo mara tatu.

"Ule mgomba," akaninong'oneza. "Katafute."

Jumanne nilizunguka mji mzima. Niliupata bustanini kwa mtu, nikaingia uani nao begani jua likizama. Salwa alikuwa ameketi, jicho kwenye darubini.

Nilimwita mara moja. Shingo yake ilikuwa ya baridi.

Tulimzika Jumatano saa nne asubuhi. Simu yake ilikuwa kwenye mkoba wangu, imezimwa. Jioni niliiwasha. Kulikuwa na picha mpya. Imepigwa saa nne na dakika kumi asubuhi ile, mwezi haujachomoza, darubini ipo kwenye boksi lake.

Kreta imefukiwa. Juu yake kuna tuta, na alama za jembe.

Chini kuna mwandiko wangu, na ile S ninavyoikunja. Ila neno la kwanza si Shimo. Ni Kaburi.

Sikuliandika mimi.