Valsi ya Kwanza Ukumbini Estrela

"Siwezi, Valdo."

Anaíde alisema hivyo bila kuinua macho. Mkono wa Valdomiro, ulionyooshwa kumwomba valsi, dansi ya wawili wawili, ukabaki hewani, mbele ya watu wazima waliomjua tangu akiwa na nepi.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Kaa, nitakueleza baadaye."

"Nieleze sasa hivi."

Anaíde akamtupia jicho Adalberto, aliyekaa meza ya jirani.

Valdomiro akatoka nje kichwa kikimzunguka. Mchana alikuwa amemwandikia Anaíde: "Ukicheza nami valsi ya kwanza, nitajua umekubali tuoane." Naye akajibu: "Vaa viatu vizuri." Sasa hii nini? Akachungulia dirishani. Anaíde hachezi. Adalberto naye hachezi. Akazidi kuchanganyikiwa.

Ujumbe wa Anaíde ukaingia kwenye simu. "Usiondoke. Nakupenda."

Akajibu: "Unanipenda halafu unanikataa?"

Mlango ukafunguka nyuma yake.

"Unapigwa na baridi ya nini huko nje?" Alikuwa Bibi Eronita, mwenyekiti wa klabu, nyanya yake Anaíde.

"Mjukuu wako kaniaibisha, bibi."

"Wewe umechelewa."

"Basi liliharibika njiani."

"Basi kabla hujafika, Adalberto alimwomba valsi. Akamkataa, anakungoja wewe."

Valdomiro akajishika kichwa. Sheria ya klabu ya Estrela aliijua tangu utotoni: mwanamke akimkataa mmoja, wimbo huo hachezi na mwingine.

"Si angeniambia tu?"

"Adalberto akisikia? Sheria hii wazee wetu waliiweka wakati klabu za wazungu hapa mjini Pelotas zilipotufungia milango kwa ajili ya rangi yetu. Walisema huko nje tunaaibishwa vya kutosha, humu ndani Mweusi haaibishwi. Sasa ulitaka mwenzako aanikwe?"

Valdomiro aliona haya. Akarudi ndani kimyakimya.

Bendi ilikuwa imegeukia samba, na mshereheshaji akatangaza zamu ya wanawake kuchagua. Anaíde akavuka ukumbi mpaka kwake.

"Tucheze?"

"Hii si valsi, Ana. Sijui kama inahesabika."

"Kwani wewe unataka valsi au unanitaka mimi?"

Akaushika mkono wake.

Mwaka uliofuata walioana ukumbini humo humo. Bendi ilipoanza valsi ya kwanza, Bibi Eronita akasimama kuwapigia makofi maharusi, lakini Valdomiro akabaki kitini.

"Nenda kwa Adalberto," alimnong'oneza mkewe. "Hii ilikuwa yake tangu mwaka jana. Mimi nitangoja."