Shangazi Aliyeikataa Damu ya Nesi

"Binti, sisi hatuna ugomvi na wewe. Tuna ugomvi na damu yako."

Nesi hata sare ya wodini alikuwa hajavua. Zimebaki siku chache afunge ndoa, kaitwa kwenye tanuri la mikate la ukweni, akadhani anakwenda kuonja keki ya harusi. Kumbe keki yenyewe ndiyo hiyo.

"Damu yangu imefanya nini, Shangazi?" akamuuliza shangazi wa mchumba wake.

"Si ulisema mwenyewe? Utafiti wa hospitali umekukuta na vinasaba vya watu wa kale waliokwisha kutoweka duniani. Ule ugonjwa wa mapafu wa korona ukija, wenye navyo ndio unaowaelemea. Baba yako si aliondoka nao? Unataka kutuletea msiba ndani?"

"Ni kipande kidogo cha urithi. Virusi vikiingia, kinaongeza hatari. Hakiambukizi, wala si hukumu ya kifo. Ningenyamaza, nani angejua?"

Akamgeukia mchumba wake, mwoka mikate. Jamaa alikuwa anakanda donge lililokwisha kukandika zamani.

"Na wewe umekatwa ulimi?"

Jamaa akazidi kukanda.

Nesi akavua pete, akaiweka juu ya unga.

"Sawa. Baba yangu nilimuuguza mpaka pumzi ya mwisho. Siwezi kumwonea aibu leo ili nipate mume."

Akatoka. Hajafika hata kona, ujumbe ukaingia: "Rudi tafadhali. Na mimi ninavyo."

Akapiga hapohapo.

"Una nini?"

"Hivyo vinasaba. Ulipotushawishi tukatoe mate ya utafiti, si na mimi nilitoa? Majibu yangu yalitoka mwezi uliopita."

"Mwezi mzima unajua, halafu unaniangalia nikisimangwa peke yangu?"

"Niliogopa. Umeshamzika baba yako. Nikasema ukijua na mimi nimo, utanikimbia."

Hasira zilimpanda Nesi mpaka machozi yakamtoka. Huyu mtu alimpenda, na kwa upendo huohuo akamwacha achomwe.

"Usinieleze mimi. Mweleze shangazi yako. Narudi, nataka nisikie."

Alipofika mlangoni, mwoka mikate alikuwa ameshaacha donge.

"Shangazi, na mimi ninavyo. Mama alipimwa, hana. Basi vimetoka kwa baba."

"Baba yako? Kaka yangu mimi?"

"Kaka yako wewe. Huenda hata wewe unavyo."

Shangazi akatafuta kiti.

"Kila mteja unamwambia chachu ya mikate hii ni ya babu yenu, haijawahi kukatika," Nesi akasema. "Unatamba nayo mtaa mzima. Basi na damu hii ni ya babu yenu. Zibebe zote."

"Na watoto je, wakirithi huku na huku?" Shangazi akauliza.

"Watachanjwa. Na wakibanwa kifua hatutangoja kukuche. Kwa baba yangu tulingoja."

Hapo hata shangazi aliinamisha kichwa. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Huko kupima, unaingilia mlango gani?"

"Nitakupeleka mwenyewe."

Mwoka mikate akaiokota pete, akaifuta kwa aproni.

"Usinipe mkononi," Nesi akamwambia. "Nivishe mbele yake, na safari hii useme kwa sauti."

"Nakuoa wewe, pamoja na damu yako."

"Damu yetu," Nesi akamsahihisha, ndipo akanyoosha kidole.