Ukurasa wa Kwanza wa Evodia

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Evodia alifungua kabati la maktaba ndogo ya mtaa wa Hamugembe akakuta kitabu chake kimekatwa ukurasa wa kwanza. Alikichora mwaka mzima kwa mtindo wa katuni za Kijapani: kurasa thelathini zisizo na neno hata moja, zimeshonwa kwa uzi upande wa kulia. Jumatatu kilitakiwa kufika kwenye mashindano Dar es Salaam.

"Ni Avit," alisema. "Jana jioni alikuwa humu, na yeye anashindana."

Dativa, mtunza maktaba, alikipokea kitabu. Sakafu ilikuwa bado mbichi. Mama Lilian, mfanya usafi, alikuwa ameshapiga deki na kuondoka kwenda kwao Muleba. Ukungu wa ziwa ulijaa madirishani. Dativa alikipekua kitabu taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Msichana mwenye macho makubwa anapita migombani, anafika ziwani, na mwishoni maji yanamfunika.

"Ulioibwa una nini?"

"Msichana yupo jikoni na mama yake."

Pembezoni wino ulikuwa umechuruzika kwa vidole vyenye maji. Ukurasa wa mwisho ulilowa zaidi. Kadiri Dativa alivyorudi mwanzoni alama zilififia, na kwenye ukurasa wa pili zilikuwa kama pumzi juu ya kioo.

Avit aliitwa, akafika saa nne kwa bodaboda.

"Hiki unakianzia wapi?" Dativa alimuuliza.

Avit alikigeuza bila kufikiri, uzi ukawa kulia. "Hapa, dada. Za Kijapani zinaanzia huku tunakoona sisi ni nyuma. Kila anayezisoma anajua."

"Basi si wewe. Aliyekishika alianzia mwisho kwa vidole vilivyolowa, vikamkaukia njiani. Alikisoma kama daftari."

Evodia aliitazama sakafu iliyopigwa deki.

Saa nane mchana walikuwa Muleba, kwenye kibanja cha Mama Lilian, nyumba katikati ya migomba. Walimkuta jikoni peke yake. Walimwamkia, wakakaribishwa.

"Mama Lilian, tumefuata ukurasa," Dativa alisema.

Mama hakukana. Aliutoa ndani ya Biblia, umelazwa vizuri, akauweka mbele ya Evodia.

"Kabati lilikuwa wazi. Nilikianza mwanzo, kama watu wote," alisema polepole. "Nikaona mtoto yuko majini. Lilian wangu alizama mwaka juzi, hapo ziwani. Nilitaka kukifunga. Nikafunua, nikaona ametoka. Nikafunua tena, anarudi, anapita migombani. Nilikuwa namfuata, mwanangu, hata ndoo niliisahau. Mwisho akafika nyumbani, akakaa na mama yake." Aliutazama ukurasa. "Picha yake sina. Nikauchukua huo mwisho."

Moshi ulipanda mwembamba kati yao. Evodia alikuwa amekuja na maneno makali. Aliyaacha. Aliusukuma ukurasa ukarudi mikononi mwa mama.

"Na mashindano?" Dativa aliuliza.

Evodia alitoa karatasi nyeupe na kalamu mkobani, akapiga magoti kwenye majani makavu yaliyotandikwa sakafuni.

"Mama, alipenda kukaa wapi?"

"Huyo wako umemweka mlangoni mwa jiko," Mama Lilian alisema, akisogea. "Wangu alikaa hapa, karibu na moto, anamenya ndizi. Alikuwa mwepesi wa kusikia baridi."

Evodia akaanza kuchora moto.