Kopo la Kahawa la Mama

Kila asubuhi, Msusi huamka mapema kabla wateja hawajaanza kubisha hodi. Hufagia baraza anakosukia nywele. Hubandika birika jikoni. Kisha hushusha kopo la kahawa kutoka rafuni. Ni kopo refu, jekundu, na mfuniko wake una rangi ya dhahabu. Ndani mna kahawa ile ya kuyeyusha kwenye maji ya moto, isiyoacha machicha.

Kopo hilo lilikuwa la mama yake. Mama alifariki msimu wa mvua uliopita, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kulihamishia mahali pengine.

Baba yake ni seremala. Karakana yake iko uani. Zamani alikuwa akija jikoni kunywa kahawa, na hapo ndipo mdomo wake ulipofunguka. Mtu ambaye mchana kutwa hasemi neno, akishika kikombe alikuwa na hadithi za kuvunja mbavu. Mama alicheka mpaka akaomba maji.

Sasa Msusi humpelekea kahawa karakanani, eti asimsumbue. Baba hupiga mafunda mawili, hukunja uso, kisha hukiweka kikombe kando. Jioni Msusi hukikuta kimejaa vumbi la mbao.

"Baba, mbona humalizi?"

"Nashukuru, mwanangu. Lakini hii siyo ile ya mama yako."

Maneno hayo yalimchoma. Yeye pia alimkumbuka mama. Alitamani hata kugombezwa naye tena. Na sasa alikuwa akimkosa baba pia, ingawa alimsikia akipiga randa nyuma ya ukuta.

Kahawa ya kopo ilipoisha, alikwenda mjini akatafuta kopo jingine kama lile. Bei yake ilimtoa jasho, lakini alinunua. Baba akapiga mafunda mawili, akakunja uso.

Ndipo Msusi akabeba kopo hilo jipya hadi dukani kwa jirani yao, mwanamke mcheshi ambaye kila mtu humwita Mama Duka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikupe nini leo?"

"Nipe kahawa ghali kuliko hii. Hii nayo baba haitaki. Sijui mama alikuwa akiipata wapi ile yake."

Mama Duka alilitazama kopo, akaangua kicheko. Kisha machozi yakamlengalenga.

"Kopo kama hilo mama yako alipewa zawadi. Kahawa yake iliisha zamani, wewe ungali mdogo. Tangu hapo alikuwa akinunua hii." Akaweka mezani pakiti ndogo, ya bei rahisi.

"Hiyo? Kumbe mama alikuwa akitudanganya?"

"Amdanganye nani? Pakiti ikishafunguliwa, kahawa inataka chombo kikavu kinachofunga vizuri. Kopo lilikuwa linafunga vizuri. Haya, geuza pakiti. Nyuma wameandika nini?"

Msusi akasoma polepole. "Kahawa."

"Na nini tena?"

"Basi. Kahawa tu."

"Soma na pakiti hii yenye picha nzuri."

"Sukari. Maziwa ya unga. Kahawa."

"Umeona? Kwa kawaida, kinachoandikwa mwanzo ndicho kingi zaidi. Ukinunua hiyo, umenunua sukari iliyopakwa rangi."

Msusi akacheka. "Na hii ya kopo?"

"Nayo ni kahawa tupu. Chembe zake ni kubwa, ladha yake ni laini. Anayeipenda na mfuko ukamruhusu, anywe kwa raha zake. Lakini bei haijui ulimi wa baba yako umezoea nini." Akafungua kopo, akachungulia. "Mbona imeganda mabonge? Unachota na kijiko gani?"

"Hicho hicho cha kukorogea."

"Basi unaitia maji mwenyewe. Tumia kijiko kikavu, na ufunge mara moja. Na maji je?"

"Yakitokota tu, namimina."

"Unaipa uchungu. Epua kwanza, acha maji yatulie kidogo."

"Lakini mama hakuwa akisubiri..."

Msusi akakatiza maneno yake. Alimwona mama, waziwazi kabisa. Mama anaepua birika. Mama anakwenda mlango wa uani, anaita. Baba anajibu, "Nakuja," wala haji. Mama anaita tena. Baba anakuja, ananawa mikono, anaketi. Muda wote huo, birika limekaa pembeni.

Asubuhi iliyofuata, Msusi aliosha kopo la mama, akalikausha, akamimina humo kahawa ya pakiti. Maji yalipotokota, akaepua birika. Kisha akaenda mlango wa uani.

"Baba! Kahawa!"

Randa ilinyamaza ghafla. Tangu msiba, hakuna aliyekuwa amemwita hivyo.

"Nakuja," baba akajibu. Wala hakuja.

"Baba!"

Akaja. Akanawa mikono, akaketi mahali pake pa siku zote. Msusi akachota kwa kijiko kikavu, akamimina maji, akakoroga. Baba akapiga funda moja. Akapiga la pili. Akapiga la tatu.

"Hii umeipata wapi?"

"Kwa Mama Duka. Ni ya pakiti, baba, ile ya bei rahisi. Mama alikuwa akiitia humu koponi miaka yote."

Baba alilikodolea macho kopo. "Na mimi ninavyojigamba kwa mafundi wenzangu kwamba kwangu tunakunywa kahawa ya matajiri!"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Msusi akamshika mkono, naye akilia.

"Kahawa ni nzuri, mwanangu," baba alisema. "Lakini nilikuwa nasubiri kuitwa."

Akanywa mpaka tone la mwisho, akasogeza kikombe. "Ongeza kidogo. Nimewahi kukwambia siku mama yako aliponiletea kiti nimtengenezee, kumbe hakikuwa kimevunjika?"

Barazani mteja alibisha hodi.

"Subiri kidogo, dada," Msusi akaitikia, akabandika birika tena.