Swali la Nyongeza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bhoke alishika ndoo yake akateremka bondeni kuchota maji ya chemchemi. Chemchemi hiyo ilikuwa pembeni mwa shamba la Bibi Agustina, na nusu ya kijiji chao huko Itiryo ilikunywa hapo. Zamani njiani alikutana na wasichana wenzake na ng'ombe wa jirani. Mwaka ule wa dhahabu alikutana na wanaume wenye sururu na makarai, wote wakienda kwenye machimbo ya Nyamongo, wote wana haraka. Hata fundi cherehani alikuwa amefunga kibanda chake huku suruali za watu zikiwa ndani.

Bhoke naye hakutulia, ingawa si kwa sababu ya dhahabu. Alikuwa darasa la sita, na wiki iliyopita alikwenda Bomani, Tarime mjini, kuhudhuria kongamano la waandishi pamoja na Mwalimu Honoratha. Insha yake ndiyo iliyompeleka. Huko alimsikiliza mwandishi mmoja, Bwana Maftah, akisema, "Mwandishi mzuri humfanya msomaji asitamani kuinuka kitini." Maneno hayo yalimkaa Bhoke kichwani, yakawa hayamwachi hata akiosha vyombo.

Washiriki wote waliombwa waanzishe jambo la kuwavutia watu kwenye vitabu. Bhoke akachagua chemsha bongo, Jumamosi alasiri, darasani kwao. Yeye na Mwalimu Honoratha walitafuta maswali vitabuni siku kadhaa.

"Kila swali lazima liwe na jibu tulilolihakikisha," Mwalimu alisisitiza.

Jumamosi darasa lilijaa. Bhoke aligonga kengele ya shule kabla ya kila swali, na watu walijibu kwa kelele na vicheko. Alijiona mtu mkubwa, na kwa kweli alipendeza. Kisha lori la Nyamongo likapiga honi barabarani. Watu wakaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, halafu benchi zima. Mwalimu Honoratha alitoka nje kuwasihi warudi, na Waitara, baba mdogo wake Bhoke, tayari alikuwa ameshika sururu yake.

Bhoke aliwatazama wakitoka. Chemsha bongo yake ilikuwa inakufa mbele ya macho yake. Akagonga kengele kwa nguvu.

"Swali la nyongeza!" alipaza sauti. "Ni mahali gani hapa kijijini mzee mmoja aliwahi kuokota dhahabu?"

Watu waliganda. Waliokuwa mlangoni walirudi, wakakaa. Bhoke mwenyewe hakujua jibu, kwa sababu mzee huyo hakuwahi kuwepo.

"Bondeni, pale chemchemi!" akajibu Waitara.

Macho yote yalimgeukia Bhoke. Ilikuwa tamu mno kutazamwa hivyo.

"Jibu ni sahihi!" akasema.

Lori liliondoka bila abiria wa Itiryo.

Asubuhi iliyofuata Bhoke aliteremka na ndoo yake, akasikia vishindo kabla hajafika. Wanaume walikuwa wakichimba kandokando ya chemchemi, na maji yalikuwa mazito kama chai ya maziwa. Wasichana walisimama na ndoo tupu. Bibi Agustina alikuwa amewanyooshea fimbo yake kwa hasira.

"Nani amewaambia kuna dhahabu hapa?" aliuliza.

"Huyu mtoto wetu aliyetoka kwenye kongamano la waandishi," alijibu Waitara kutoka shimoni. "Amesoma mambo hayo mjini, bibi."

Bhoke alitamani shimo moja limmeze. "Shikamoo bibi," alisema kwa sauti ndogo, kisha akawageukia wachimbaji. "Baba mdogo, acheni! Nilitunga. Hakuna dhahabu!"

Waitara alicheka. "Mmesikia? Wameshamfundisha afiche. Chimbeni, mura, chimbeni, vijana!"

Wakaongeza kasi. Bhoke alikimbia hadi nyumbani kwa Mwalimu Honoratha, akamweleza yote huku akilia.

"Nikienda mimi, watasema nami naficha," alisema Mwalimu. "Wanajua wewe ndiye mwenye maswali na majibu. Walikuamini ulipouliza. Sasa utafanya nini?"

Bhoke alifuta machozi, akafikiri. Kisha akaiomba kengele.

Bondeni aliigonga mpaka sururu zikasimama. "Chemsha bongo!" alitangaza. "Swali la kwanza. Mzee aliyeokota dhahabu hapa anaitwa nani?"

Wachimbaji walitazamana. Mmoja alianza kutaja jina la babu yake, akaliacha njiani.

Kengele tena. "Swali la pili. Nani kati yenu amewahi kuiona dhahabu hiyo?"

Mtu mmoja alipangusa jasho, akaweka karai chini.

"Swali la mwisho ni la baba mdogo. Nani alikuambia kwamba ni hapa?"

Waitara alitazama udongo mikononi mwake. "Hakuna," alisema. "Nilibahatisha tu."

"Nami nikasema sahihi," alisema Bhoke, akilia waziwazi sasa, "kwa sababu nilitaka mkae. Nisameheni. Bibi, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Wanaume wote walimgeukia Waitara, na Waitara, bila kuambiwa, akaanza kurudisha udongo shimoni. Wengine wakamfuata. Waliokoteza mawe wakaizungushia chemchemi, wakiwa wamenuna, lakini waliyapanga vizuri.

Maji hayakusafika siku hiyo wala kesho yake. Bhoke alikwenda mtoni, mbali, akamchotea Bibi Agustina kila asubuhi, na shingo ilimuuma kweli. Siku moja Mwalimu Honoratha alifuatana naye.

"Mwalimu, sitatunga tena," alisema Bhoke.

"Tunga, Bhoke. Kubuni si kosa," alijibu Mwalimu. "Ukisema, 'Hii ni hadithi,' mtu anasikiliza, anafurahi, anakwenda kulala. Lakini ukisema, 'Jibu ni sahihi,' mtu anachukua sururu. Kama hujui, sema hujui, hata kama wote watainuka waondoke."

Chemchemi ilipotulia, Bhoke alichota ndoo ya kwanza, akaona ndani ya maji hadi kitako cha ndoo. Akaibeba hadi kwa Bibi Agustina, aliyekuwa akianika ulezi.

"Nami nina swali la nyongeza," alisema bibi bila kuinua kichwa. "Kwa vile maji yamesafika, nani atanichotea kesho?"

Mara hii Bhoke alikuwa na uhakika na jibu.

"Ni mimi, bibi."

"Jibu ni sahihi," alisema Bibi Agustina.