Pikapu ya Kubebea Kijumba cha Nasriya

"Mumeo keshatia saini, dada. Tangu jana alasiri. Kachukua ile nyekundu, ile ndogo."

Nasriya alikuwa kainama nyuma ya pikapu ya kijivu, utepe wa kupimia mkononi, buibui lake limejaa vumbi la Wattaya. Aliinuka polepole. Siku hizi akiinuka haraka kifua kinambana.

"Utakuwa umekosea, Bwana Ghanim. Huyo ni Yaarub mwengine."

"Idara ya afya ina Yaarub mmoja tu. Karatasi ninayo hapa, itazame mwenyewe."

Akaitazama. Saini ilikuwa ya mumewe, na ile herufi ya mwisho anayoivuta kama mkia.

Ilikuwa Novemba ya mwaka sabini. Miezi michache tu nyuma, gari hapa Maskati ilikuwa kitu cha kuombewa ruhusa, na sasa serikali mpya ilikuwa ikizishusha na kuzipanga Wattaya kwenye uwanda wa vumbi, Ghanim akizilinda na daftari lake. Yaarub alikuwa dresa hospitali kule Unguja. Tangu walipokimbilia Maskati alikuwa karani wa mfanyabiashara wa tende Matrah, mpaka idara ikamwita: zunguka mkoa wa Sharqiya na dawa na chanjo, miaka miwili, siku tatu kijiji hiki, siku nne kile. Nyumba hamna. Chagua gari moja kati ya tatu zilizopo, na ukitaka kwenda na mke, mtajua wenyewe pa kulala.

Nasriya ndiye aliyepata njia. Alimwita fundi Aflah, seremala jirani yao, wakatengeneza kijumba cha mbao cha kupakia juu ya pikapu: kitanda cha kukunja, dirisha lenye wavu, rafu za dawa, mlango kwa nyuma. Wiki tano za kazi. Yaarub kila jioni alikuwa akija kukitazama, anapapasa mbao, anasema, "Mashallah, Nasriya." Wala hakusema zaidi ya hapo.

"Bwana Ghanim," alisema sasa, "baba yangu alikuwa na gereji Ng'ambo, kule Unguja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia mizigo ya karafuu, kila lori na frasila zake. Kijumba kina frasila ishirini na tano. Pipa la maji kumi na mbili. Dawa sita. Mimi na yeye nane. Hizo hamsini na moja. Hii nyekundu inabeba thelathini na mbili, na bodi lake lote limekaa nyuma ya ekseli. Kipakie kijumba, pua itanyanyuka, usukani utakuwa hewani. Bonde la kwanza tu imepinduka."

"Nnajua."

"Lile lori kubwa halipiti magengeni, kwenye njia nyembamba za majabali. Ni hii ya kijivu tu. Wastani, fupi ya kupita, springi zake nene, inabeba frasila sitini na nne. Sasa kwa nini hukumwambia?"

Ghanim alikuna ndevu, akatazama pembeni.

"Nilimwambia, dada. Nilimwambia hivyo hivyo unavyosema. Akanijibu, 'Ndiyo maana naitaka hii. Ili kijumba kisikae.'"

Nasriya alishika bodi la pikapu.

"Kasema hivyo?"

"Wallahi. Nisamehe. Na hii ya kijivu inaondoka leo baada ya alasiri, inakwenda Suhar. Mtu wa kilimo keshaiomba."

Njia nzima ya kurudi Matrah, ndani ya gari la kukodi, fundi Aflah, aliyekuwa kaja naye kupima, aliukunja na kuukunjua ule utepe. Nasriya alikuwa akiyasikia maneno ya mkwewe, Bi Masouda, aliyoyasema juzi wakichambua mchele: "Mwanamme hakai miaka miwili peke yake, mwanangu. Ibra, huko huko Sharqiya, tuna jamaa. Kuna binti yao, Shaikha, mtoto mwenye afya. Wewe umeshaharibu mimba mbili. Nisiseme?"

Nasriya hakujibu siku ile. Alijua kijumba kitamjibia. Kumbe mumewe alikuwa keshapatana na mama yake.

Yaarub alirudi adhuhuri. Alimkuta Nasriya kakaa ukingoni mwa kitanda, buibui hajalivua.

"Umekwenda wapi na jua hili?"

"Wattaya."

Yaarub alisimama na kiatu kimoja mkononi.

"Nasriya..."

"Anaitwa Shaikha, sivyo? Wa Ibra."

"Shaikha gani?"

"Usinichezee, Yaarub! Wiki tano natoboa vidole kwa misumari, unakuja kunambia mashallah, kumbe unanicheka! Kama unataka kuoa, si ungesema? Ungesema, 'Nasriya, sikutaki, kaa hapa umtunze mama.' Ningelia, ningenyamaza. Mimi n'shapoteza mji mzima, ntashindwa kupoteza mume?"

"Sina mke mwengine, wala simtaki."

"Basi kwa nini pikapu ndogo?"

Yaarub alikiweka kiatu chini, akakipanga na mwenzake.

"Kwa nini, Yaarub?"

"Kwa sababu ningekwambia usije, ungekuja. Nilitaka gari ndiyo ikatae, si mimi."

"Na mimi nimekukosea nini hata hutaki nije?"

Yaarub aliketi chini, sakafuni. Alitia mkono mfuko wa ndani wa koti akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hata imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

"Unakumbuka mwezi wa saba, ulipoharibikiwa mara ya pili? Yule daktari alisema una upungufu wa damu."

"Nakumbuka."

"Mimi nilimwambia akwambie hivyo. Si damu, Nasriya. Ni moyo. Kilango kimoja cha moyo wako kimekaza, tangu zile homa zako za utotoni. Ndiyo maana mimba hazikai. Ndiyo maana ngazi zinakushinda."

Nje, Bi Masouda alikuwa akitwanga viungo. Mchi ulisimama.

"Na dawa yake?" aliuliza Nasriya.

"Ingekuwa miaka mitano nyuma, Bombay wangepasua. Sasa anasema moyo umeshachoka, hautastahamili kisu."

"Muda gani?"

"Nasriya, tafadhali."

"Nimekuuliza muda gani."

"Mwaka. Pengine zaidi kidogo, ukikaa kitako, bila ya mashaka, bila ya njia mbaya."

Nasriya aliichukua ile karatasi ya daktari, akaisoma, ingawa Kiingereza chake kilikuwa kidogo na mwandiko mbaya. Alipofika mwisho alianza tena juu. Kisha akaiweka mapajani.

"Miezi minne umeijua."

"Ndiyo."

"Miezi minne nalala pembeni yako nikimuuliza Mungu nimemfanya nini hata ananinyima watoto. Nikisikia mama yako anasema, naona ana haki. Na wewe unanisikia nalia, na karatasi iko kwenye koti."

"Nilikuwa naogopa."

"Huu moyo wangu, Yaarub! Wangu! Habari zake ndizo ulizonificha!"

Alilia sasa, si kilio cha kike cha adabu, alilia kwa sauti, anagonga goti lake kwa ngumi. Yaarub alitaka kumshika, Nasriya akamsukuma. Akataka tena. Akamsukuma tena. Mara ya tatu nguvu zilimwishia, akabaki anatweta, midomo imegeuka rangi, na Yaarub kamshika mabega, anamhesabia pumzi kama walivyomfundisha kuwafanyia wagonjwa.

"Polepole. Vuta. Shusha. Polepole, mke wangu. Unaona? Hapa tu, kitandani. Je, nikiwa nawe magengeni? Ukinifia katikati ya mawe, hakuna mtu, hakuna maji, nifanye nini mimi?"

Nasriya alisubiri mpaka pumzi imrudie.

"Na wewe ukiwa huko vijijini Sinaw, mimi nikafa humu ndani, utapata habari baada ya siku ngapi?"

Yaarub aliyaachia mabega yake.

"Wiki? Mbili? Utarudi ukute kaburi limeshakauka. Hilo ndilo ulilonichagulia?"

"Nilikuchagulia uishi."

"Nitaishi mwaka. Wewe umesema, si mimi. Sasa nambie, huo mwaka nimpe nani?"

Yaarub aliinamisha kichwa mapajani mwa mkewe akalia kama mtoto. Nasriya alimwangalia utosi. Alikuwa bado na hasira, na hasira ile haikuisha siku ile wala wiki ile. Lakini mkono ulikwenda wenyewe ukakaa kichwani mwake.

"Iache kazi basi," alisema Nasriya taratibu. "Tukae hapa wote."

"Nilishawaza. Nilikwenda idarani kuwaambia, nikakuta barua ya watu wa kule. Ndui imewaua watoto kumi na moja kijiji kimoja. Nikarudi na barua ya kuacha kazi mfukoni."

"Watoto kumi na moja?"

"Kumi na moja."

Nasriya alijifuta uso kwa ukingo wa buibui.

"Basi unakwenda. Na mimi nakwenda. Inuka, alasiri haitusubiri."

Pazia lilifunuka. Bi Masouda alikuwa kasimama mlangoni, macho mekundu, harufu ya bizari mikononi. Alikuwa mwanamke mzito, mwenye maneno mazito. Alimwendea mwanawe kwanza, akampiga kibao cha bega.

"Uliniacha mimi nimseme mtoto wa watu hivi! Unajua, unaninyamazia! Nitamwambia nini Mungu?" Kisha akamgeukia Nasriya. Akamshika mkono. "Mwanangu," alisema mwishowe, "mimi ulimi wangu..."

"Nimesikia, mama."

"Hujasikia, sijasema bado. Nisamehe."

Nasriya hakuweza kusema nimekusamehe, ingekuwa uongo. Alisema, "Twende Wattaya, mama. Tutahitaji watu wa uzito."

Walifika pikapu ya kijivu inatiwa petroli. Dereva wa kilimo alikuwa tayari anafunga turubai lake. Ghanim alipowaona, mume, mke, mama mtu na seremala, alinyanyua mikono juu.

"Khalas, jamani! Karatasi imeshaandikwa!"

"Ile nyekundu mpe huyu bwana," alisema Nasriya. "Anakwenda na nini Suhar?"

"Miche na mbegu," alijibu dereva. "Wala si mizito."

"Na barabara yake pwani tupu, mchanga uliolala. Nyekundu itamfikisha. Sisi tunapanda magenge."

"Dada, hii nzuri zaidi, mwenye akili gani atakubali kuiacha?" alisema Ghanim.

Yaarub alisogea mbele. Hakuwa mtu wa kuomba. Alikuwa mtu wa kutia saini na kuondoka. Alivua kofia yake.

"Ndugu yangu," alimwambia yule dereva, "mke wangu mgonjwa. Anataka kwenda na mimi, na mimi nilimfanyia hila asiende. Kama gari hii itaondoka leo, hila yangu imetimia, na sitajisamehe mpaka kufa. Nakuomba."

Dereva alimtazama Nasriya, akatazama chini upesi kwa haya. Akachezesha ufunguo mkononi.

"Kwanza nione kama itabeba kweli," alisema. "Isiwe nimeiacha bure."

Fundi Aflah akaleta magunia ya saruji yaliyokuwa uwanjani. Nasriya alisimama pembeni anahesabu frasila kwa sauti, gunia baada ya gunia, kama enzi za gereji. Walipofika frasila arubaini na saba magunia yalikwisha.

"Bado nne," alisema.

Bi Masouda akakusanya buibui lake. "Nishikeni mkono," alisema, na mbele ya wanaume wote wa uwanja ule akapanda nyuma ya pikapu, akaketi juu ya saruji. "Hizi hapa nne. Na ukitaka tano, nimekula."

Hata dereva alicheka. Nasriya alipima springi kwa utepe: zilishuka vidole vitatu tu, na pua ya gari haikunyanyuka. Yaarub aliizungusha uwanja mzima, akaipandisha tuta la kokoto akaishusha, mama yake juu anasoma Ayatul Kursi kwa sauti kubwa.

Ghanim alikata jina, akaandika jina.

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Kijumba kilikuwa kimefungwa kwa boliti nane, na Bi Masouda alikuwa kamtandikia Nasriya godoro lake mwenyewe la sufi. Yeye akabaki na mkeka, asisikie la mtu. Barabara ilipokwisha, mawe yakaanza. Yaarub alikuwa akiendesha kama aliyebeba mayai. Kila baada ya muda anasimama, anazunguka nyuma, anafungua mlango.

"Nasriya. Vipi?"

"Mzima. Endesha."

Mara ya tano hakuendesha. Walikuwa katikati ya bonde, kuta za jiwe huku na huku, maji membamba yakipita chini ya magurudumu, na mbele mpando ambao lori kubwa lisingeupanda hata kwa dua. Alipanda ndani ya kijumba, akakaa kitandani miguuni pake. Alikuwa kabadilika uso.

"Hapa ndipo nilipokuwa nikipaota," alisema. "Kila siku, miezi minne. Naota nimekufungulia mlango, hujibu."

Nasriya alikuwa kajilaza, mkono kifuani. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, kisha unaruka, kisha unakwenda. Aliusikia vizuri sasa, kwa kuwa alijua ni nini. Aliogopa. Aliogopa sana, na hakumficha.

"Mimi pia naogopa, Yaarub."

"Turudi?"

Alifikiri. Kupitia wavu wa dirisha aliona ukuta wa jiwe na kipande cha mbingu.

"Nisogeze mbele, nikae na wewe. Humu sikuoni."

Akambeba mpaka kiti cha mbele, akamwekea mto mgongoni. Mkono wa kushoto wa Yaarub ukabaki juu ya usukani, na wa kulia Nasriya aliukamata, akauachia tu pale ulipotakiwa kwenye gia.

"Miaka miwili ni mingi," Yaarub alisema.

"Tusiihesabu," alisema Nasriya. "Tia gia ya kwanza. Twende, bwana, tunasubiriwa."