Mashine Isiyojua Utani

Saa mbili na robo asubuhi, katika jengo la vioo pale Nanyuki, Mpimania, mashine ya kupima nia za waombaji fedha, ilikuwa ikimsikiliza mwanamume mmoja aliyemwomba mkewe fedha kutoka ng'ambo ya mpaka. Sauti yake ilikuwa tamu, ya mtu anayebembeleza. Mashine iliichambua tabaka kwa tabaka: pumzi, mtetemo wa koo, maneno aliyoyachagua na yale aliyoyakwepa. Kabla bwana yule hajafika kwenye "mpenzi wangu" ya pili, taa nyekundu ikawaka na njia ya fedha ikajifunga. Polisi walipofika kwake waliwakuta watoto wa mwanamke yule wamefungiwa stoo.

Ndivyo Mpimania ilivyofanya kazi, na ilifanya vizuri. Tangu noti zifutwe, hakuna senti iliyovuka mpaka bila kupita kwenye sikio lake. Kila ukoo uliandikisha mwombaji mmoja, naye aliomba kwa sauti yake mwenyewe; bila ombi lake hakuna aliyeweza kuutumia ukoo huo fedha. Nia ikiwa safi, fedha zilifika papo hapo. Mashine ikisikia tishio, mwombaji alingojeshwa saa nzima ndipo aombe tena, na akikosea mara ya pili alingoja saa mbili. Hakuna mkono wa binadamu ulioweza kupunguza muda huo. Watu walikuwa wamekamuliwa vya kutosha na wakwe zao, wakaipigia kura sheria hiyo kwa mikono miwili.

Aliyeifundisha Mpimania Kiswahili alikuwa Nkatha, mhandisi wa lugha, mzaliwa wa Timau, mwanamke mwenye kiburi kidogo juu ya kazi yake. Tusimlaumu kwa hilo, maana kazi ilikuwa nzuri kweli. Mumewe, Mihayo, Mnyamwezi wa Sikonge huko Tanzania, alikuwa amepanda lifti ya anga miezi minne iliyopita kwenda kuchimba madini kwenye vimondo. Wakati huu alikuwa amelala usingizi wa barafu ndani ya chombo, na hangeamshwa kabla ya mwaka kwisha. Alimwachia mkewe jambo moja tu: awaangalie watu wa kwao.

Saa tatu ujumbe ukaingia kutoka Tabora. Ulikuwa wa Shija, mdogo wake Mihayo, ndiye mwombaji aliyeandikishwa na ukoo, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akimwomba kaka yake tu. Nkatha aliisikia sauti ile ya kukwaruza akatabasamu kabla hajaelewa.

"We mke mwizi! Umemla kaka yetu, ukamrusha angani, sasa unakaa kula peke yako. Mama mapafu yamegoma. Wamempachika pafu la kukodi, na saa sita mchana wanalichomoa. Usipotuma leo nakuja huko, nakufunga kamba, nakurudisha kwenu ukiwa juu ya punda."

Taa nyekundu. Mashine ilitoa hesabu yake bila haraka: tusi, shutuma ya wizi, tishio la kuteka, tishio dhidi ya maisha ya mzee.

Nkatha alipiga simu. Shija alikuwa kwenye korido ya hospitali moja ya viungo vya kukodi. Akaeleza kwamba Bi Kalunde, mama yao, aliamka alfajiri hawezi kuvuta pumzi. Walikuwa wamechanga wakapata pafu la nusu siku. Baada ya hapo lingekwenda kwa mgonjwa anayefuata kwenye foleni, ambaye naye alikuwa na mama au mtoto wake. Nkatha akamwambia aombe upya saa ikitimia, lakini safari hii kwa adabu, bila matusi. Shija akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyekesha. Akauliza tangu lini mke wake amekuwa mkuu wa wilaya.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Kwao Shija, shemeji ni mtani. Mke wa kaka humwita mke wangu, humtukana, humdai mbuzi, na yule mke hurudisha matusi kwa kipimo kilekile. Shemeji akikwambia uwe na adabu, amekurushia mpira, nawe huna budi kuurudisha. Tena Shija alikuwa na hofu, na mtu wa kwao mwenye hofu hutania zaidi. Saa nne na dakika kumi akaomba tena, na adabu yake ilikuwa hii: alimwamkia mheshimiwa mchawi wa Nanyuki, akamwomba kwa unyenyekevu mkubwa asimmalize na mama mkwe baada ya kummaliza mume, la sivyo kaburi lingechimbwa la watu wawili.

Taa nyekundu. Ombi linalofuata: saa sita na dakika kumi.

Nkatha alikimbia hadi chumba cha msimamizi wake, Galgalo, mtu wa Isiolo asiyepandisha sauti hata jengo likiungua. Alimweleza yote kwa pumzi moja. Galgalo akafungua sheria, akaisoma, akaifunga. Alisema kuna njia moja tu ya halali, kuondoa mfano ulioifundisha mashine kosa hilo, kisha mashine ijifunze upya. Akauliza kama anaujua mfano wenyewe.

Aliujua. Miaka minane iliyopita alifika Sikonge kwa mara ya kwanza, bibi harusi mgeni. Mlangoni kijana mmoja, Shija huyuhuyu, alimpokonya begi, akamwita mwizi wa kaka yao, akasema hatatoka pale mzima mpaka atoe mbuzi. Kwao Timau shemeji hazungumzi nawe hivyo. Nkatha alilia usiku kucha, na sauti ile ilikuwa imenaswa kwenye simu yake. Alipoanza kuifundisha Mpimania, aliiweka kuwa mfano wa kwanza kabisa wa tishio. Baadaye alijifunza utani, akaupenda, akawa hodari wa kumtukana Shija mpaka Bi Kalunde anafuta machozi kwa kucheka. Lakini mfano hakuuondoa. Mifano mingine elfu kadhaa ilikuwa imejengwa juu yake, na yeye aliona aibu kukiri kwamba msingi wa kazi iliyompa jina ulikuwa kilio cha bibi harusi asiyeelewa lugha ya wenyeji.

Galgalo alitia saini. Nkatha alitia saini. Mfano ukafutwa, na mashine ikatangaza kwamba itamaliza kujifunza upya saa kumi na mbili jioni.

Akaipigia hospitali kuomba dakika kumi za ziada. Sauti ya upole ya mashine ya foleni ikamweleza kwamba dakika kumi ni pumzi za mtu mwingine. Akampigia Shija, sasa saa tano na nusu, akamwambia ukweli wote, pamoja na ule wa begi na simu.

Shija akasikika akifungua mlango wa chumba cha mama yake.

"Kwa hiyo ni mimi ninayemuua mama," akasema.

"Si wewe, Shija. Ni mimi."

"Mama anakusikia, nimeweka simu kwenye sikio lake. Mwambie kitu."

Nkatha alitafuta neno la kumwambia mama mkwe. Alikuwa akiijua lugha ile kuliko mtu yeyote katika jengo, lakini alichoweza kusema kilikuwa mama, mama, mama, hadi simu ikakatika.

Saa sita ikapita. Alisimama mbele ya mashine akihesabu dakika, na Galgalo alisimama nyuma yake. Saa sita na dakika kumi kamili sauti ikaingia.

"Shikamoo, shemeji. Samahani kwa usumbufu. Mama ametutoka saa sita na dakika nne. Tunaomba, kama utaweza, utusaidie gharama za kumsafirisha hadi Sikonge. Ahsante sana, shemeji."

Taa ya kijani ikawaka. Nia safi, mashine ikasema. Tusi, hakuna. Tishio, hakuna. Fedha zilikuwa zimeshafika Tabora kabla Nkatha hajakaa chini. Katika miaka yote minane, Shija hakuwahi kumwamkia bila utani.

Kisha kiooni yakatokea maandishi. Nafasi ya mfano wa kwanza ilikuwa wazi, na mashine, ambayo bado ilikuwa ikijifunza, ilipendekeza ujumbe huu uwekwe pale kuwa kielelezo cha ombi jema. Nkatha akabonyeza hapana. Mashine ikamwomba aeleze sababu, akaketi mbele ya kisanduku kitupu cha jibu akilia kwa sauti, vidole vikiwa juu ya herufi.